Kiguu na Mashine ya Samaki

Dada yangu ni dobi, na hajui kukaa. Nasema hivyo kwa mapenzi yote, ila nasema. Ukimpa kiti atakifuta vumbi, atakisogeza dirishani, atakirudisha kilipokuwa, kisha ataondoka bila kukikalia. Tangu utotoni tulimwita Kiguu, kwa sababu alikuwa kiguu na njia kwelikweli, na siku hizi hata wateja wanaomletea mashati wanamwita hivyohivyo. Mahali pekee ambapo alitulia, kwa maelezo yake mwenyewe, ni ndani ya boti ya mume wake.

Marehemu alikuwa mvuvi wa mshipi na ndoana, na boti yenyewe ndogo, ya makasia, watu wawili na ndoo basi. Walitoka pamoja alfajiri, kabla dada hajawasha pasi zake. Yeye alipiga makasia, mgongo ukielekea kule waendako na uso ukitazama nchi kavu wanayoiacha, kama wakaavyo wapiga makasia wote. Marehemu alikaa nyuma, wakitazamana, akitoa amri. Kulikuwa na mwamba chini ya maji ambapo samaki hawakosekani, na marehemu alipaita Chumbani. Mvuvi hamwonyeshi mtu mahali kama hapo, na huyu hakumwambia hata mke wake. Alimwambia tu alitazame gati walikotoka, alione katikati ya miguu yake wakati wote, apige makasia.

"Na maswali yake ya ajabu," dada alinisimulia wiki ile ya msiba, huku akikunja nguo ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa. "Tukiwa majini ananiuliza, 'Mama, dohani la kiwanda cha mikate unaliona?' Namwambia naliona. Kidogo tena, 'Bado unaliona?' Mpaka nimwambie silioni, limejificha nyuma ya tangi la maji. Basi ananionea huruma, ananiambia, 'Haya, pumzika.' Mdogo wangu, nani mwingine amewahi kuniambia mimi nipumzike?"

Mimi mwenyewe nimemwambia mara nyingi atulie, lakini najua si neno lilelile.

Presha ilimwondoa marehemu ghafla, na boti ikabaki imepinduliwa ufukweni. Nusu yake ilikuwa ya kaka wa marehemu, ambaye sote tunamwita Shemeji Mkubwa. Si mtu mbaya, ila ana tabia ya kuwa na haki, na hiyo inakera kuliko ubaya. Alikuja, akagonga ubao wa boti kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Shemeji, chombo kikikaa juani kinapasuka," alisema. "Mimi siendi majini. Wewe hujui alikokuwa akienda. Mwisho wa mwezi kuna mtu anakuja kuichukua."

"Na nikileta samaki kabla ya hapo?"

"Samaki wa kueleweka, si wa kumpa paka. Ukileta, nusu yangu chukua, sitatia neno."

Kuanzia siku hiyo dada hakulala vizuri wala hakutulalisha sisi. Alikuwa anaipenda boti ile kuliko alivyopenda nyumba, na alinieleza bila kuzunguka: wakiichukua, hatakuwa na mahali popote pa kumkumbukia mume wake akiwa amekaa. Kisha mteja mmoja aliyefuata suti yake akamwambia kuna mashine za kutafutia samaki, ndogo, za kubeba mkononi, unazamisha kichwa chake majini na kioo kinakuonyesha kina, mawe na samaki wenyewe. Mteja aliondoka na suti yake na kola haijapigwa pasi. Dada alikuwa ameshavaa viatu.

Mimi nikageuka mpagazi. Duka la kwanza lilikuwa la vifaa vya uvuvi, na muuzaji akatuonyesha mashine pana kama sinia, yenye rangi zote.

"Hii inaona mpaka kucha za kaa," alisema.

"Inatumia nini?"

"Betri ya gari, mama."

Dada alimtazama. "Boti yangu ukiweka betri ya gari, mimi nitakaa wapi? Majini, niivute kwa kamba?"

Duka la pili walikuwa na kijimpira cha kurusha majini, kinatuma picha kwenye simu. Alikipenda kwa muda wa kutoka kaunta hadi mlangoni. Pale mlangoni akakumbuka kwamba mikono ya mpiga makasia ina maji wakati wote, na simu yake ilishawahi kuogelea ndani ya beseni la sabuni. Tukarudi kaunta, tukatoka, tukarudi tena kuuliza kama kuna mfuko wa kuikinga simu. Muuzaji akaanza kujificha nyuma ya makabati alipotuona.

Duka la tatu alichukua mashine ya mkononi, nzuri, kioo kinang'aa, kwa makubaliano kwamba ataijaribu. Akaja nayo mbio akaitumbukiza kwenye pipa la kuloweka nguo. Mashine ikalia. Samaki! Wawili, watatu, mmoja mkubwa ametulia chini.

"Umeona?" alinishika mkono. "Umeona?"

"Naona shati la mwalimu mkuu," nilisema.

Alilipekua pipa mpaka chini. Mkubwa aliyetulia lilikuwa shuka, na wale wadogo, kama alivyotueleza baadaye muuzaji akicheka hadi kushika tumbo, huenda ni mapovu ya sabuni. Mashine haimjui samaki, inajua kwamba kuna kitu. Dada hakucheka. Aliitoa nje juani na hapo kioo chote kikawa cheusi, akajiona uso wake mwenyewe. Ndani ya duka lile lenye giza hatukuwaza kwamba ziwani hakuna kivuli. Aliirudisha mchana uleule.

Aliyokuja kuichagua mwishoni ilikuwa mbaya kwa sura kuliko zote, kijivu, bila rangi, ukubwa wa kipande cha sabuni. Aliibeba hadi katikati ya barabara akaitazama kwenye jua kali huku pikipiki zikimpigia honi. Maandishi yalisomeka. Inatumia betri zilezile za tochi, zinazouzwa kila kibanda. Kichwa chake kina waya mrefu na kinaelea chenyewe pembeni mwa boti. Akamuuliza muuzaji kama inasema uongo.

"Inasema uongo kidogo," alijibu yule mtu, na kwa jibu hilo akauza.

Basi tukaingia majini. Mimi naogopa maji, na nilisema, na hakuna aliyenisikiliza. Dada alikaa nyuma, mahali pa marehemu, mashine mapajani, akitazama mbele. Mimi nikapewa makasia. Nilipiga kama mtu anayefukuza nyuki.

"Kulia! Hapo, imelia! Simama! Hapana, majani hayo. Twende kushoto. Mbona unakwenda kulia?"

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Kwa boti!"

Mashine ikilia tunatupa mishipi, na kabla ndoana haijafika chini ameshaona kitu kingine kule mbele. Tulivuta majani. Tulivuta kandambili. Tulirudi na visamaki ambavyo hata paka alivifikiria kwanza. Tukaenda tena, na tena, na kila safari dada alizidi kuikodolea macho ile mashine, akiitukana, akiibembeleza, akibadilisha betri nzima na kuweka nyingine nzima. Nilimwonea huruma na nilimchoka, vyote kwa pamoja. Ufukweni Shemeji Mkubwa alikuwa anapita kwa mbali akijifanya anatazama mawingu.

Mnunuzi alikuwa anatarajiwa jioni ya siku ile tuliyotoka mara ya mwisho. Viganja vyangu vilikuwa vimetoka malengelenge, na tulipoachana tu na gati nikayaachia makasia.

"Siwezi. Niue."

"Toka hapo," alisema dada. "Shika hii, unisomee."

Tukabadilishana kwa kujikokota, boti ikiyumba, mimi nikiita watu wote wa ukoo wetu. Akakaa katikati. Akageuza mgongo kule tuendako, akatanua miguu, na nikamwona analitafuta gati kwa macho mpaka likakaa sawasawa katikati ya vidole vya miguu yake. Hakufikiri. Ilikuwa mazoea tu ya mwili. Akaanza kupiga, taratibu, bila kurusha tone, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikamsikia amenyamaza.

Mimi nilisoma. Kina kirefu. Kirefu zaidi. Hakuna kitu. Hakuna kitu. Niliinua macho nimwambie, nikaona hanitazami. Anatazama nyuma yangu, nchi kavu, mdomo wazi.

"Dohani," alisema.

Niligeuka. Dohani la kiwanda cha mikate lilikuwa pale na moshi wake, na kando yake lile tangi la maji juu ya miguu yake mirefu. Kila kasia lilipovuta, dohani lilisogea kidogo kuelekea tangi.

"Alikuwa ananiuliza," dada alisema, na sauti ikaanza kupanda. "Naliona, bado naliona. Alikuwa hageuki yeye! Alikuwa ananiuliza mimi!"

"Dada, sikuelewi."

"Nyamaza, soma!"

Alipiga makasia mawili, matatu. Dohani likaingia nyuma ya tangi kama mtu anayejificha nyuma ya mlango, ukabaki moshi tu. Dada akainua makasia. Wakati huohuo namba mkononi mwangu zikaporomoka, kina kikawa nusu, kikawa robo, mstari wa chini ukapanda kama paa la nyumba, na juu ya paa hilo kioo kikajaa.

"Kuna kitu," nilisema. "Kuna kitu kingi."

Hakutazama mashine. Alikuwa amefunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika, na sikujua analia au anacheka mpaka alipojifunua, akawa anafanya vyote.

"Mshenzi yule!" alisema. "Miaka yote nadhani ananihurumia. Pumzika, mama! Kumbe tumefika! Amenifanya mimi alama yake, ananisoma kama hiyo mashine, na hakuniambia!" Akapiga ubao kwa ngumi. "Angekuwa hai ningemsukuma majini." Kisha akasema, polepole, "Lakini kila siku nilipumzika kweli."

Tuliteremsha mishipi. Sitaeleza mengi, wavuvi wameshaharibu jina la maelezo ya namna hiyo. Ndoo ilijaa, tukajaza beseni la kutolea maji, na mmoja tulimfunika kwa kanga yake kwa sababu hakukuwa na pengine pa kumweka.

Shemeji Mkubwa alikuwa ufukweni na mnunuzi wake. Aliangalia ndoo, akaangalia beseni, akafunua kanga, akaifunika tena.

"Mmewatoa wapi hawa?"

"Chumbani," alisema dada.

Akatazama ziwa kwa muda. Nadhani naye alikuwa amewahi kumuuliza mdogo wake, akanyimwa jibu. Halafu akamgeukia mnunuzi, akamwomba radhi, akamsindikiza, na alipopita karibu na boti akaipigapiga ubavuni. Kama alivyoahidi, hakutia neno.

Siku hizi nakwenda na dada majini. Mashine tunaibeba, maana kuna asubuhi za ukungu ambapo nchi kavu haionekani, ila siku nyingi inabaki mfukoni mwake. Bado ni Kiguu. Akiwa nchi kavu bado anaacha pasi inachemka akakimbilia mlango wa jirani. Lakini majini amechukua mahali pa marehemu kule nyuma, makasia amenirudishia, na viganja vyangu sasa ni vigumu kama vya mtu mwenye adabu.

"Gati liko katikati ya miguu?"

"Liko."

"Dohani unaliona?"

"Naliona."

"Piga."

Napiga. Yeye amekaa, mikono mapajani, hashiki chochote, hatafuti chochote. Hageuki. Ananitazama mimi usoni tu.

"Bado unaliona?"

Asubuhi moja niliona ametulia hivyo, macho yamelegea, karibu asinzie, na moyo ukaniuma kwa furaha. Dohani lilikuwa limeshajificha zamani. Nikapiga makasia polepole, boti isitoke pale pale ilipo.

"Bado," nikamwambia. "Bado naliona."

Alitabasamu bila kufungua macho.

"Muongo," alisema. "Haya, pumzika."