Saa Sita ya Malta

Haya, nyie mliokalia mbao zangu, sogeeni karibu. Na wewe unayechonga mguu wa kitanda, weka randa chini kidogo. Kila siku mnanichokoza, eti mzee, kweli uliishi Ulaya? Ulaya mie sijui. Nilikaa kisiwani, Malta, padogo kweli, ukipiga chafya mwanzo wa kisiwa, mtu wa mwisho wa kisiwa anakuambia pole.

Uhuru ulikuwa bado mpya wakati huo, kila mtu ndugu, hata anayekutafutia ugomvi anaanza na "ndugu". Mie kijana wa hapahapa Keko, shule nimeiona kwa nje tu, lakini msumari haumuulizi mtu cheti. Nikapata kazi melini, fundi seremala, kurekebisha milango na vitanda vya mabaharia. Nilikuwa nimeshaposa binti mmoja wa Temeke. Baba yake alikuwa balozi wa nyumba kumi, mtu wa saa mkononi, akizungumza na wewe anaigonga kwa kidole kama anabisha hodi.

Siku ya kuaga akaniambia, "Nenda, baba. Ila ndoa ni kabla ya Ramadhani. Kuna karani wa bandarini hapa, kila asubuhi ananipa shikamoo mbilimbili. Sitaki kumkatisha tamaa bure."

Nikacheka. Ramadhani ilikuwa mbali kama Kigoma.

Basi tumefika Malta, nikateleza nikaanguka ndani ya tumbo la meli, mguu ukavunjika. Wakanishusha, wakanilaza hospitali, nahodha akanionyesha kwa mikono kwamba watanipitia wakati wa kurudi. Nilipotoka na magongo yangu, watu wa hospitali wakanitafutia chumba kwa mama mmoja mjane, mnene, mweupe, mwenye sauti ya mnada. Sie tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yule mama hakuwa na subira hiyo. Siku ya kwanza alinipa chai, ya pili akanipa nyundo na kunionyesha mlango wake unaolia.

Nikajua nimepata bahati. Kisiwa kile ni jiwe tupu. Nyumba jiwe, ukuta wa shamba jiwe, mkate wao nao, ukikudondokea mguuni unarudi hospitali. Mbao za shida, na fundi wa mbao anatazamwa kama daktari. Nilitengeneza milango ya mtaa mzima nimekaa kwenye kiti, mguu nimeunyoosha, watu wananiletea kazi, tini na nyanya zilizosuguliwa kwenye mkate na mafuta. Nikanenepa. Ningekaa zaidi wangelazimika kupanua kisiwa.

Na raha yao ile ya kulala mchana! Jua likipanda tu, mtaa mzima madirisha yanafungwa, hata mbwa anaingia ndani. Kwetu wakati huo ndiyo balozi anapita kuhimiza Uhuru na Kazi. Mie nikalala kwa niaba ya Temeke yote.

Lakini kilichonimaliza ni maneno yao. Wazungu wale, wanapiga magoti mbele ya msalaba, wanamwita Mungu Alla. Sabuni ni sapun, elfu ni elf, sita ni sitta. Nikasema hapa bila shaka alipitaga mtu wa Kilwa akasahau mzigo wake wa maneno. Nyumba wanaiita dar. Sasa kila mtu akiniuliza nimetoka wapi, mie najibu kwa kifua mbele, "Dar." Wanatazamana. Anakuja mwingine, naye namwambia Dar. Wakanipa jina, Bwana Nyumbani, maana kila nikiulizwa natokea wapi, mie natokea nyumbani.

Asubuhi moja yule mama anaingia jikoni amekunja uso, ananiambia, "Randan, Randan." Nikainuka na magongo nikamletea randa. Akaisukuma pembeni. "Randan!" Akaondoa nyama mezani, akaifunika, akaonyesha mbinguni. Jamani, moyo ulinilipuka. Kumbe anasema Ramadhani! Hospitali nilikuwa nimepoteza hesabu ya miezi, nikajua tayari, karani yuko kitini kwangu, anakula pilau langu. Nikafunga siku ile kwa majonzi. Adhuhuri namwona mama anakula samaki mzima, anashushia na divai. Nikamwambia kwa Kiswahili, mama, Ramadhani gani hii yenye samaki mchana? Usiku nikaangalia mwezi, umeshafika nusu, si mwezi mwandamo. Ilikuwa kwaresima yao, jina tu wameazima. Nilishukuru mpaka nikala samaki wake aliyebaki.

Nyingine hii hapa. Kanisa lao lina saa mbili usoni, moja huku, moja kule, na hazipatani. Nikamuuliza mama kwa vidole, kwa nini? Akajitia pembe kichwani, akakodoa macho, akazungukazunguka kama amepotea. Nikaelewa: ile moja inasema kweli, ya pili imewekwa kumchanganya shetani, asijue saa ya ibada akaja kuharibu. Nilicheka hadi gongo likaanguka. Shetani gani huyo, mkongwe tangu Adamu, asiyejua kusoma saa?

Mguu ukapona. Ramadhani ya kweli ikawa inakaribia, na mie kila siku niko bandarini natazama. Hatimaye akaja mtu wa meli, akaongea na mama mlangoni. Mama akaja mbio. "Vapur," akaonyesha bandari. Meli. Akaonyesha kesho. Kisha akasema, "Sitta."

"Sitta?"

"Sitta."

Hapo nilijisikia msomi. Miezi yote ile, hatimaye jambo la maana nimelielewa bila kukosea hata herufi. Saa sita! Mchana kweupe! Akaongeza na neno jingine refu, akapunga mkono kuelekea linakotoka jua. Nikadhani anafukuza nzi.

Alfajiri ananigongea mlango. Nikafungua, nikamtuliza, mama, bado mapema, nikamwonyesha vidole sita. Naye akanionyesha vidole sita. Nikamwambia ndiyo, sita! Naye, sitta! Akanivuta shati, nikavuta shuka. Mie vidole sita, yeye vidole sita, tunakubaliana kabisa na bado tunagombana. Mwisho akatupa mikono juu akapanda zake darini, juu ya nyumba.

Nikaoga kwa nafasi. Nikapita kuaga mtaa mzima, kila mlango nilioutengeneza naufungua na kuufunga, watu wanasifu. Jua lilipofika utosini, saa sita kamili ya Mwenyezi Mungu, nikatua bandarini na sanduku kichwani. Maji matupu. Mzee mmoja anayeshona nyavu akanitazama, akatazama upeo wa bahari, akanitazama tena. Meli ilishakwenda saa kumi na mbili asubuhi, ambayo kwao ndiyo sita.

Nilikaa juu ya sanduku. Sikuona bahari, nilimwona karani.

Nilivyorudi, nikakuta sahani yangu mezani, imefunikwa. Yule mama, akiwa kule darini, aliiona meli inaondoka, akajua, akapika cha watu wawili. Aliponiona mlangoni na sanduku alicheka, akashika ukuta, akacheka tena, halafu akanifuta uso kwa aproni yake kama mtoto wake. Hilo sitalisahau. Ugenini ukichekwa na kulishwa siku hiyohiyo, umeshakuwa mwenyeji.

Meli nyingine ilichelewa. Nilikuja kushuka Dar Idi imeshapita. Sikupita hata kwetu, nikaenda Temeke moja kwa moja. Nikawakuta wamekaa kibarazani: baba mkwe na saa yake, bibi wa binti kwenye mkeka, na binti mwenyewe nyuma ya pazia, namwona vidole vya miguu tu.

"Shikamooni."

"Marahaba," akasema mzee, anaigonga saa. "Nilisema kabla ya Ramadhani. Ramadhani imekwisha, Idi imekwisha, pilau limeliwa. Umekuja kuosha masufuria?"

"Baba, niliachwa na meli."

"Meli haimwachi mtu. Mtu ndiye huachwa na akili. Karani anakuja kesho na wazee wake."

Nyuma ya pazia sauti ikasema, "Baba, si umwache aeleze? Mie niliyengoja nataka kusikia."

Basi nikaeleza, kama ninavyowaeleza nyie, na jasho juu. Dar, randa, samaki, saa mbili za kanisa, sitta, vidole. Mzee uso umekaza kama ngoma mpya, lakini nikaona bega linamtikisika. Pazia nalo linatikisika na upepo hakuna. Bibi peke yake hacheki. Amekunja uso anafikiri, anatafuna tambuu yake taratibu.

"Hebu mjukuu wangu, unieleweshe," akasema. "Ile saa ya pili kanisani, ulisema waliiweka ya nini?"

"Kumpoteza shetani, bibi. Asijue wakati."

"Na katika kisiwa kizima, aliyepotea wakati ni nani?"

Nikainamisha kichwa. "Mie, bibi."

Bibi akatema tambuu, akamgeukia mwanawe.

"Basi shetani wao tumempata, ndiye huyu. Muozeshe leoleo, tumfungie ndani, watu wa Malta wapumzike."