Kihispania cha Bukavu

Nilimwahidi baba yangu, nikiwa na umri wa miaka kumi, kwamba sitayasahihisha maneno ya wimbo wake hata siku moja. Ahadi hiyo hunirudia kila nisikiapo mbao mbili zikigonganishwa, ko-ko-ko, kisha ko-ko. Hivyo ndivyo Jumamosi zilivyoanza nyumbani kwetu Weston, ughaibuni: baba amesimama jikoni na miiko miwili mikononi, sufuria ya sombe, majani ya muhogo, inatokota nyuma yake, na redio juu ya jokofu inatoa kipindi cha Walatino, ambacho mwaka ule hatukukikosa hata kwa ugonjwa.

Ujana wa baba ulipita Bukavu, akiimba katika bendi ya hoteli, zama ambazo santuri za Kuba zilipigwa mjini hadi zikakwaruzika. Waimbaji wa rika lake walizikariri kwa masikio tu. Hakuna aliyejua Kihispania, wala hakuna aliyeona kuwa hicho ni kikwazo. Wimbo alioupenda kuliko zote aliuimba hivi: “Korasó meriyano, lakasita bendolé.” Alituambia, mimi na dada yangu Neema, kwamba maana yake ni: nyumba yangu ndogo haina komeo, moyo wangu, sukuma tu mlango. Kwa maneno hayo alimbembeleza mama miaka ile. Mama alicheka, akausukuma mlango.

Lakini mama hakuwa nasi. Tulipoondoka, alibaki Uvira kumuuguza bibi, na ilikubaliwa kwamba karatasi zake zikikamilika atatufuata. Mimi na Neema tulisimama dirishani ndege zikishuka juu ya paa kuelekea uwanjani, tukibishana kwa Kiingereza ni ipi atakayokuja nayo. Baba alitujibu kwa Kiswahili, kama ilivyokuwa desturi yake, akiniita papa kama watoto wa kiume waitwavyo kwetu.

“Ile yenye mkia mwekundu hapana, papa. Mama yenu hapendi mbwembwe.”

Mwaka ule wote alikuwa akifanya mazoezi. Alikusudia kumwimbia mama pale pale uwanjani, mbele ya abiria na mizigo yao. Neema aliapa kwamba siku hiyo atajificha chooni.

Jirani yetu wa mlango wa pili tulimwita Mama Marta. Alitoka El Salvador, akishona nguo kiwandani. Jumamosi moja alikuwa anateremka kufua, akausikia wimbo, akasimama kizingitini na kapu lake.

“Baba Neema, hicho ni Kihispania cha nchi gani?” aliuliza kwa Kiingereza, lugha ambayo wote wawili waliiokoteza ukubwani.

“Cha Bukavu,” baba akajibu, bila haya.

Mama Marta alicheka hadi akaketi juu ya nguo chafu. Kisha akaeleza kwamba wimbo ule, ambao aliujua tangu utotoni, hauna nyumba wala mlango. Ni malalamiko ya mtu aliyeibiwa kofia sokoni.

“Na wewe,” akasema akijipangusa macho, “umemwibia maskini yule mara ya pili. Sasa umemchukulia hata maneno!”

Baba alikuwa mtu makini. Hakutaka kumpokea mkewe kwa makosa, akaomba afundishwe. Majira yote ya joto Mama Marta aliketi mezani petu, akila sombe aliyodai kuwa haina chumvi, akimrekebisha baba silabi kwa silabi. Majani yalipoanza kudondoka kando ya mto Humber, baba aliuimba wimbo wa kofia bila dosari. Nilimjivunia sana. Shuleni nilifundishwa kwamba kilicho sahihi ndicho bora, na hatimaye baba yangu alikuwa nacho.

Ndipo vita vilipofika Uvira.

Tulikuwa tukimpata mama kwa simu ya parokia. Jumamosi ile baba alibonyeza kipaza sauti ili sote tusikie. Sauti ya mama ilitoka mbali, na nyuma yake watu walikuwa wakiburura vitu sakafuni. Alisema wataondoka kwa miguu, yeye na bibi, huenda kabla ya giza. Alimuuliza Neema kama anavaa soksi. Kisha akasema, “Baba Neema, imba kidogo.”

Baba akaimba. Kila neno lilikaa mahali pake.

“Hapana ile,” mama akasema. “Ile ni ya nani? Imba yetu.”

Baba alitutazama, akaanza upya: korasó meriyano. Mama akaitikia kwa makosa yale yale, wakaenda pamoja hadi laini ilipokatika katikati ya lakasita.

Hatukuisikia sauti yake tena. Habari zilitufikia theluji ikiwa imekwisha tanda, kwa kinywa cha mtu wa kwetu aliyekuwa amevuka hadi Kigoma. Mama na bibi walifia njiani, na mahali walipozikwa hakuna aliyeweza kututajia.

Tulikaa matanga sebuleni kwetu, viatu vya waumini vikiwa vimejaa hadi koridoni. Baba hakulia wala hakula. Mama Marta aliingia na sufuria ya maharage, akaiweka chini, akaenda jikoni akatoka na miiko miwili. Akagonga ko-ko-ko. Kisha yeye, aliyekuwa na lugha yake na maneno yote ya kweli, akaimba: korasó meriyano, lakasita bendolé. Aliimba hadi mwisho, bila kuliruka kosa hata moja.

Ndipo baba alipolia.

Jioni ile alinishika kichwa. “Papa, wewe unasoma sana. Kihispania utakijua siku moja. Niahidi hutaitengeneza ile nyimbo yetu.” Niliahidi, nikidhani majonzi yamemchanganya.

Kihispania nilikisoma chuoni, na leo naweza kukitaja kila kilichoharibika katika wimbo ule. Lakini kuna jambo nililolielewa kwa kuchelewa. Mama alikuwa anaiacha nyumba yake siku ile, na nusura aiache akiwa na maneno ya mgeni masikioni. Baba alikubali kukosea, naye mama akaondoka na ya kwake.

Kiharusi kimempokonya baba Kiingereza chote na sehemu kubwa ya Kiswahili. Wimbo umebaki. Anaishi sasa katika nyumba ya wazee, na najua kwamba wengi wenu mnaosoma haya mnafanya kazi katika nyumba kama hizo. Ukiingia chumbani asubuhi ukamkuta mzee wa Kikongo anaimba Kihispania ambacho Mhispania yeyote asingekielewa, tafadhali usimsahihishe. Mwache amalize.