Nywele za Mama na Moshi wa Mlimani

Nilipokuwa mtoto, mwaka uliofuata vita vya maji, moshi ulionekana kileleni mwa mlima ulio nyuma ya kijiji chetu, upande wa Kiberege. Nimekuwa bibi mwenye wajukuu na bado sijui moto ule aliuwasha nani. Bibi yangu alipanda akashuka siku hiyo hiyo, kikapu kikiwa kitupu. Tulipomwuliza alisema, "Moto nimeuzima," basi. Moshi haukuonekana tena. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na alikufa bila kuongeza neno.

Ulionekana asubuhi, jua likichomoza ng'ambo ya bonde na kuupiga mlima usoni: uzi mwembamba mweupe, halafu hakuna. Wazee walituambia kwamba mizimu ikipika huko juu, mtu asipande, mlima utambakiza. Anayeruhusiwa ni mfiwa aliyekwisha kunyolewa nywele, kwa sababu mizimu humhesabu kuwa nusu yake ni mwenzao. Huyo hupeleka unga, huuweka juu ya jiwe, na hurudi bila kulala huko. Mlima wetu uko magharibi, kivuli chake huwahi kushuka. Kivuli kikigusa mto, uwe umefika chini.

Baba alikuwa hajarudi. Alikwenda vitani na wenzake waliokunywa dawa, wakiamini kwamba risasi za Mdachi zingegeuka maji. Sijawahi kuwacheka. Aliyekwisha kulimishwa shamba la mwingine kwa kiboko haulizi sana dawa imetoka wapi. Wengine walirudi, wengine walizikwa, yeye hakuonekana popote. Bibi, aliyekuwa mama yake mzazi, alitaka tukae matanga. Mama alikataa kunyolewa.

"Sijaona mwili, mama," alimwambia mkwewe kila lilipoguswa jambo hilo.

Moshi ulipotokea, mama alisema ni mumewe amejificha. Bibi alisema ni mizimu. Baba mdogo, aliyerudi vitani na risasi pajani, hakujali ni nani.

"Askari wana macho," alisema. "Juzi walikuwa Kiberege. Wakiuona watasema tunalisha watoro, na hivi vibanda walivyotuachia watavimaliza. Mtu apande auzime."

Tulikuwa uani tukimenya mizizi ya porini, ile inayolowekwa siku nyingi ili sumu itoke. Maghala yalikuwa yameteketezwa, na mtama uliobaki nyumbani ulitosha kikapu kidogo cha unga. Baba mdogo alikuwa mrina asali kabla ya paja lake kuharibika, na njia aliijua. Aliichora kwenye majivu kwa kijiti.

"Uondoke jogoo la kwanza," alisema, bila kumtaja mtu.

"Jogoo gani?" bibi aliuliza. "Waliomla wako Kiberege."

"Basi uondoke kukipambazuka. Ukivuka kijito, shika mgongo wa mlima ulio kushoto. Wa kulia una tembo. Mbele kuna jabali limesimama hivi, linateleza. Panda kwa magoti, kamata mizizi, usitazame chini. Mimi niliwahi kutazama, asali yote ikamwagika."

"Asali tu?" bibi alisema.

Mama alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu baba aondoke. Kisha akaweka kisu chini.

"Nitakwenda mimi."

"Na nywele hizo?" bibi alimwuliza.

Mama alijishika kichwa. Kunyoa kulikuwa ni kutangaza kwamba mumewe amekufa, na kwa desturi yetu mjane alirithiwa na ndugu wa marehemu. Baba mdogo aliyatazama majivu yake.

"Shemeji, usiniangalie hivyo. Mimi sijaomba kitu."

"Nikinyoa nitakuwa nimemzika," mama alisema, "ndipo niende kumtafuta."

"Usiponyoa na mlima ukakubakiza," bibi alijibu, akinielekezea kidevu, "huyu atamwita nani mama?"

Mimi nilitaka baba awe kule juu, na sikutaka mama aende. Nilizitazama nywele zake kana kwamba zingeweza kuondoka zenyewe.

Asubuhi iliyofuata moshi ulikuwa mnene kuliko siku zote. Baba mdogo alirudi kutoka njiani akichechemea upesi, akasema askari wamevuka mto, wanakuja upande wetu. Bibi aliingia ndani. Alitoka na wembe na kibuyu cha maji, na mama akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Bibi alikaa chini, akamnyooshea mama wembe.

"Ninyoe."

"Mama, magoti yako."

"Magoti ni yangu. Na mtoto ni wangu, nina haki ya kumlilia mapema. Nikimkuta hai nitamwomba radhi, atanisamehe. Wewe ukimlilia mapema, watu hawatakurudisha ulipokuwa."

Mama alimnyoa. Mvi zilianguka juu ya maganda ya mizizi. Alipomaliza alitia unga wote kikapuni, na juu yake akapanga mizizi iliyochemshwa.

"Mizimu haili mizizi, shemeji," baba mdogo alisema.

"Iache tu."

Nimesoma mengi tangu hapo, na nimewasikia watu wenye elimu wakisema kwamba imani kama ile ilitufunga macho. Sibishani nao. Ninachokumbuka ni kwamba siku ile hakuna aliyeivunja imani yetu, na hakuna aliyeachwa aangamizwe nayo. Bibi aliitafuta mpaka akapata ndani yake uwazi wa kumpitisha mwanamke mmoja mzee, akaupita yeye ili asiupite mwingine.

Ikawa hivyo: mama abaki na nywele zake, ambazo hakuzinyoa maisha yake yote, na bibi apande. Alikaza kaniki kiunoni, akajitwika kikapu, akachukua fimbo ya baba mdogo. Alivuka kijito, akashika mgongo wa kushoto. Kwa muda mrefu tulikiona kichwa chake kilichonyolewa kikitokeza na kupotea kati ya miti, kikienda juu.