Bwana Mkubwa Apeleka Mtoto Kliniki

Jumatatu nilimpeleka mjukuu wangu kupimwa uzito kwenye kliniki ya watoto hapa Shinyanga. Benchi letu lilikuwa na mama mmoja mkulima na binti yake aliyezaliwa njiti, mimba ikiwa ya miezi saba. Sasa ana mwaka na nusu, na bado hajasimama. Kila binti alipotoa sauti, mama aliitika.

"Ba!"

"Ee, baba yuko machungani."

"Ba!"

"Na ng'ombe wote, ndiyo."

Pembeni yao alikaa bwana mmoja mwenye suti ya Kaunda, na mwanawe mnene wa miaka miwili, kimya kama gunia la pamba. Bwana alikwisha kututangazia mara mbili kwamba mkewe anaumwa, la sivyo asingekuwapo pale.

"Mama, unaongea na nani?" akauliza. "Mtoto husemeshwa akishajua kusema."

"Sasa atajifunzia wapi, Baba?" mama akajibu kwa upole, bila kumwondolea bintiye macho.

Bwana akacheka, akatutazama ili tucheke naye. Hatukucheka.

Mara binti akamnyooshea yule mvulana gunzi la hindi alilokuwa akilinyonya. "Ba!" Mvulana akalitazama gunzi, akamtazama mwenye gunzi, kisha akaangua kicheko hata benchi zima likageuka.

Bwana akashtuka. "Kumbe huyu anacheka?"

Nimeona mengi katika mji huu, lakini baba kutambulishwa kwa mwanawe na mtoto njiti, hilo lilikuwa jipya.