Gari Lisilo na Klachi

Mguu wangu wa kushoto ndio ulioanza kuniaibisha. Binti yetu wa mwisho, ambaye ni muuguzi Songea, alikuwa ametuletea gari lake nyumbani Mpepai. Akanikalisha kwenye usukani hapo uani, kuku wakitutazama, akaniambia:

"Baba, huo mguu wa kushoto leo hauna kazi. Usogeze pembeni upumzike."

"Najua," nikasema.

Sikuwa najua. Tangu nywele zangu zikiwa nyeusi nilikuwa dereva wa lori la kahawa, nikipanda na kushuka kati ya Litumbandyosi na Mbinga mjini, na katika miaka yote hiyo mguu wa kushoto ulikuwa na kazi kuliko mikono. Gari liliposogea kidogo, mguu ukashuka wenyewe kutafuta klachi. Ukakuta pedali pana, ukaikanyaga kwa nguvu zote za lori. Ilikuwa breki. Tulisimama kama tuliogonga ukuta. Mke wangu, aliyekaa kiti cha nyuma, kilemba kikamshuka hadi puani.

"Umemkosakosa nani, Mzee?" akauliza kutoka ndani ya kilemba.

Binti alicheka mpaka akaegemea mlango. Nami nilicheka, ila nikiwa nimechelewa kidogo.

Gari lilikuwa la kuvuta magurudumu yote manne, kubwa, jeupe, lililotumika huko nje kabla ya kufika kwetu. Alituachia kwa sababu ya harusi. Shemeji yangu wa Lipingo, kaka yake mke wangu, alikuwa anamwoza kitindamimba wake Jumamosi ile. Katika ukoo wao bibi harusi hatoki nyumbani kwenda kanisani mpaka shangazi yake amfunge kitenge kiunoni juu ya gauni, amshike mkono na kumfikisha mlangoni pa kanisa. Hapo hukifungua kitenge kile na kumwachia aingie. Mama mzazi hawezi kukifunga, na hata nyanya hawezi. Dada zake shemeji wengine wote wameshatangulia mbele ya haki. Aliyebaki ni mke wangu. Asipofika, msichana atakaa kitini na gauni lake, na padre atakaa kanisani na kitabu chake.

Binti mwenyewe alikuwa na zamu hospitali hadi Jumamosi mchana. Alitaka kututafutia dereva.

"Dereva wa nini?" nikamwambia. "Mimi ni nani?"

Najuta kwa neno hilo, kama ninavyojuta kwa mengi niliyosema haraka.

Alinifundisha kwa utaratibu, kama anavyoeleza wagonjwa namna ya kumeza dawa. Kanyaga breki kwanza. Zungusha ufunguo, ngoja taa za dashibodi ziwake, ndipo upige stata. Mti wa gia hautatoka kwenye P kama hujakanyaga breki. P ni pumzika, R ni rudi, N ni nipo tu, D ni damka, halafu kuna mbili na L, hizo za mlimani. Ukitaka kuzima, simama, rudisha P, vuta breki ya mkono...

"Najua," nikamkata. "Kuzima gari hata mtoto anajua."

Alinipa ufunguo, akachukua mkoba, akaenda kupanda basi. Kule nyuma mke wangu alikuwa akichezesha midomo. Nilidhani anasali.

Jumamosi tuliondoka asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala kwenye ngolo, yale mashimo tunayolimia mlimani. Buti lilikuwa na gunia la maharage na kahawa ya shemeji, maana mtu haendi kwa wakweze mikono mitupu. Mke wangu alikaa tena nyuma, kwa usalama wa kilemba, na kitenge cha bibi harusi alikikunja mapajani. Mguu wa kushoto niliuficha chini ya kiti. Kusema kweli gari lile lilikuwa raha tupu. Unagusa mafuta, linakwenda. Linabadili gia lenyewe, hulisikii hata likipumua. Vilima ambavyo lori langu lilikuwa linavilalamikia, hili lilivipanda kama linakwenda sokoni. Nilianza kuimba. Mke wangu, ambaye ni sauti ya pili katika kwaya ya kanisa letu, akanipokea, tukaimba vijiji kadhaa.

Kisha barabara ikaanza kushuka. Anayeijua njia ya Mbinga kwenda Mbamba Bay anajua mahali ninapopasema: mlima unakwisha ghafla na ziwa linatokea chini, bluu, na milima ya ng'ambo ikielea. Hapo ndipo mkono wangu ulipofanya ulichozoea. Sisi madereva wa malori ya kahawa tulikuwa tukiona mteremko tunaweka fri, gia haishiki popote, gari linajiendea lenyewe na dizeli inabaki kwenye tangi. Nikasukuma mti wa gia hadi N.

"Mbona limenyamaza?" akauliza mke wangu.

"Linapumzika. Tunaokoa mafuta."

"Kupumzika si P?"

"Mama, niachie mimi gari."

Gari halikupumzika. Liliongeza mbio, kona ikaja, nikakanyaga breki. Kona nyingine, nikakanyaga tena. Kabla hatujafika katikati ya mteremko ikaingia harufu kama ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Naijua harufu hiyo. Ni breki zinaungua. Nikarudisha D, nikatafuta mahali penye upana pembeni, nikasimama.

Hapo nikafanya kama nilivyofanya maisha yangu yote. Lori halikuwa na breki ya mkono ya kuaminika, kwa hiyo kwenye mteremko tulikuwa tunazima gari likiwa ndani ya gia ili injini ilishike, na utingo anaruka kuweka jiwe. Nikavuta breki ya mkono, nikazima na mti wa gia ukiwa palepale kwenye D, nikageuka nyuma.

"Jiwe, mama! Weka jiwe mbele ya tairi!"

Alinitazama. Alikuwa amevaa vitenge vya sare, viatu vyenye kisigino na hereni.

"Leo nimekuwa utingo wako?"

Lakini alishuka. Akaokota jiwe la ukubwa wa kichwa cha mbuzi, akaja nalo akilishika mbali na nguo, akaliweka mbele ya gurudumu, akapangusa mikono. Ufunguo ulikataa kutoka. Nikasema moyoni kwamba gari la zamani lina switchi nzito, nikauacha humohumo.

Tukakaa kwenye nyasi. Tulikula ndizi, tukatazama ziwa. Nilimwonyesha upande wa Lipingo, naye akanionyesha kwamba nimekosea. Breki zilipopoa tukaingia. Nikakanyaga breki, nikazungusha ufunguo. Taa za dashibodi zikawaka vizuri. Stata haikusema neno. Nikazungusha tena. Kimya.

Nikafungua boneti, nikagusagusa nyaya za betri kwa sababu ndicho mtu anachogusa. Nikajaribu tena. Kimya kilekile. Mke wangu akatoa simu ampigie binti, akainyanyua juu, akazunguka nayo gari zima. Mtandao haukuwepo kwenye kona ile.

Bodaboda moja iliyokuwa inapanda kutoka ziwani ikasimama. Dereva alikuwa mwanamume wa makamo, na nyuma yake mama mmoja aliyepakata ndoo ya usipa mkavu, wale dagaa wa ziwani.

"Shikamoo, mzee. Kunani?"

"Marahaba. Limekataa kuwaka."

Yule mama akatutazama, akaisikia lafudhi yangu, akanitazama mimi. "Huyu ni Mmatengo," akasema. "Watani zangu, kupanda mlima mnajua. Kushuka nani aliwatuma?"

"Nimefuata mwanamke wa kwenu," nikamjibu.

"Basi mrudishe, umeshindwa kumsafirisha!"

Mke wangu alicheka na mama yule wakaanza kusalimiana kwa Kinyasa, nikajua wanaendelea kunisema. Dereva wa bodaboda akainamia dirisha. "Hii betri, mzee. Tukusukume. Mteremko upo, ukipata mwendo unaachia klachi, linawaka."

Ndivyo ningesema mimi pia. Nikaketi, nikashika usukani, nikamwambia aondoe jiwe. Mguu wangu wa kushoto ukatoka chini ya kiti, ukatafuta. Ukatafuta upande huu na upande ule. Hapakuwa na klachi ya kuachia. Mbele yangu kulikuwa na kona, chini ya kona miti, na chini ya miti ziwa. Nilikumbuka kuwa breki za magari haya huwa nzito kama mawe injini ikiwa imezimwa.

"Acha!" nikapiga kelele. "Rudisha jiwe!"

Nilishuka. Mke wangu hakunigombeza. Alikuwa amesimama ukingoni, kitenge kifuani, anatazama kule chini.

"Watakuwa wameshamvisha gauni," akasema polepole. "Amekaa ananisubiri."

Afadhali angenigombeza. Nilimwona msichana yule kwenye kiti chake, wanawake wamemaliza nyimbo zote wanazozijua. Na aliyemkalisha pale ni mimi, kwa kukataa dereva, kwa kumkata mtoto wangu maneno mdomoni. Nikasogea karibu naye nikasema neno ambalo sikulizoea.

"Mama, sijui. Sijui gari hili linataka nini."

Akanigeukia. Nilitegemea machozi, nikaona meno.

"Hukuniuliza," akasema.

"Nakuuliza sasa."

Akaingia mbele, kiti cha abiria, mara ya kwanza tangu tulipolipata lile gari. Akayatazama maandishi kwenye mti wa gia, akaanza kuimba kwa ile sauti ya pili ya kwaya: "Pumzika, rudi, nipo tu, damka... Kuzima gari: simama, rudisha P, vuta breki ya mkono, ndipo ufunguo. Likiachwa kwenye damka, ufunguo hautoki na stata haipigi." Kumbe siku ile uani hakuwa anasali. Mtoto aliyamalizia maneno yake akiwa anachukua mkoba, nami nilikuwa nimeshashuka kujisifu kwa jirani. "Sasa wewe umeliacha wapi, Mzee?"

Mti wa gia ulikuwa umesimama kwenye D, hadharani, tangu tulipokuwa tunakula ndizi.

Nikakanyaga breki. Nikaurudisha P. Nikazungusha ufunguo. Gari likawaka mara moja, bila kinyongo.

Mama wa usipa akapiga kigelegele hadi ndoo ikataka kumponyoka. Dereva wa bodaboda akapiga honi. "Mama ndiye fundi!" akasema, "Mzee mpe ujira wake!" Mke wangu akashuka tena na visigino vyake, akatoa jiwe mbele ya tairi, maana utingo mwenye adabu haachi jiwe barabarani, kisha badala ya kulitupa akaliweka miguuni kwake.

"Unalipeleka wapi?"

"Endesha."

Tuliteremka na mbili, kwenye kona kali na L, yeye akitaja, mimi nikiweka. Injini ililishika gari kama mtu mzima anayeshuka ngazi na mtoto mgongoni. Breki niliigusa kwa nadra. Baada ya Mbamba Bay tukashika barabara ya vumbi ya kando ya ziwa, tukavuka mchanga wa kijito ambao zamani ungelilaza lori langu hadi kesho yake, magurudumu yote manne yakichimba, nasi tukipiga kelele kama watoto.

Tulipokaribia boma la shemeji tukawasikia. Bado walikuwa wanaimba, ila kwa uchovu, kama watu wanaoimba ili wasilie. Mtu mmoja akapiga ukelele: "Shangazi! Shangazi kaja!" Wakamiminika. Nikakimbilia kufungua mlango, mkono wa mke wangu ukanizuia.

"P kwanza."

Nikaweka P, nikavuta breki ya mkono, nikatoa ufunguo. Ulitoka kama uliopakwa mafuta. Ndipo akashuka. Alimfunga mpwa wake kitenge pale pale kwenye kiti, msichana akicheka na kujifuta macho kwa pamoja, akamshika mkono, na uwanja mzima ukasogea nyuma yao kuelekea kanisani. Mimi nilifuata kwa miguu, yote miwili ikiwa na kazi. Mlangoni alikifungua kitenge, bibi harusi akaingia.

Jioni, wakati wa sherehe, shangazi husimama na kumwusia bibi harusi mbele ya watu. Mke wangu alisimama. Nilidhani atasema habari ya uvumilivu. Akasimulia safari yetu yote, kuanzia kilemba kushuka puani. Watu walilala chini kwa kicheko. Kisha akasema, "Mwanangu, mume akikwama, usikimbilie kumsukuma. Mwangalie kwanza gia kaiacha wapi. Na wewe bwana harusi, ukiwa hujui, sema hujui kabla breki hazijaungua."

Wakaniita na mimi niseme neno. Nikasimama nikasema, "Mke wangu hakukosea hata neno moja." Wakapiga makofi zaidi ya waliyompigia padre.

Asubuhi, wakati wa kuaga, walitujazia buti samaki wa mbelele wakavu na unga wa muhogo. Shemeji akaniletea kitu kizito kilichofungwa kwa kipande cha kitenge na utepe wa harusi, akanikabidhi kwa mikono miwili mbele ya ukoo wote.

"Shemeji, zawadi ya dereva."

Niliujua uzito wake kabla sijafungua. Dada yake alikuwa amempa tangu jana.

Jiwe lile liko uani kwetu hadi leo, palepale gari linapoegeshwa binti akija kututembelea. Yeye huweka P, huvuta breki ya mkono, hutoa ufunguo. Kisha mama yake hutoka jikoni, akaliweka jiwe mbele ya tairi, na wote wawili wakanitazama.