Ngazi ya Trekta Jekundu

Siku hizi mtu akitaka kulima anaanza kwa kupiga simu. Anampigia mwenye trekta, mwenye trekta anasema kesho, na kesho hiyo inafika mvua ikiwa imeshatangulia shambani. Zamani pale Ifunda ulikuwa unapika pombe ya kutosha, unapita kwa majirani jioni, na asubuhi watu thelathini wako shambani kwako na majembe yao. Wanaimba, wanataniana, na jua halijawa kali ekari imekwisha. Wengi wa watu hao wamekufa. Watoto wao hawanyanyui jembe bila kuuliza ni shilingi ngapi.

Veneranda na mumewe Sosthenes walibaki na maksai wao wawili hata baada ya wenzao kuwauza wa kwao. Sosthenes alishika plau nyuma, Veneranda alitangulia na kamba, akiwaonyesha ng'ombe njia. Miaka thelathini na minane walilima hivyo. Hata ugomvi wao waliumalizia shambani, maana huwezi kumnunia mtu asubuhi nzima na huku mnageuza ng'ombe pamoja. Kisha nyonga ya Veneranda ikaanza kuuma, akawa anatembea kwa kuvuta mguu. Mwaka jana ugonjwa wa ndigana ukamuua maksai mmoja, na yule mwingine, peke yake, akauzwa.

Walipovuna na kuuza misonobari waliyoipanda binti yao Jackline akiwa shule ya msingi, Sosthenes alisema, "Mama Jackline, tunanunua trekta."

Veneranda akajibu kwamba ni vizuri. Hakusema lililomkaa rohoni. Trekta halina haja ya mtu wa kulitangulia. Mwenzake atapanda kwenye kiti kimoja kile, ataondoka, naye atabaki uani akichambua maharage na kusikiliza muungurumo wa mbali. Shamba lake mwenyewe ataletewa habari zake kama mgonjwa anayeletewa habari za nje.

Sosthenes alianza kuulizia. Kila aliyepita barabarani na trekta alisimamishwa: linakula dizeli kiasi gani kwa ekari, spea zake zinapatikana wapi, fundi wake nani. Yote akayaandika kwenye daftari kwa penseli. Iringa mjini aliona matrekta mawili, hakuridhika. Ndipo wakapanda basi hadi Mbeya, wakalala kwa Jackline huko Ilomba, na asubuhi wakaenda Uyole, kwenye uwanja wa muuzaji mmoja kando ya barabara kuu.

Muuzaji aliitwa Asukile, mtu wa makamo mwenye koti la kazi lililopigwa pasi.

"Kamwene!" aliwaamkia.

"Kamwene," Veneranda aliitikia, akafurahi kidogo. "Kihehe umekipata wapi, baba?"

"Nimeoa Kalenga, mama."

"Basi wewe ni mkwe wetu. Mkwe hauzii wazee kwa bei ya dukani."

"Mama, mkwe naye anakula!"

Matrekta yalikuwa matatu. Asukile alianza na jekundu: milioni hamsini na sita, nguvu farasi sitini, linavuta plau ya visahani vitatu bila kuhema, na spea zake zimejaa mpaka Mafinga. La bluu lilikuwa milioni arobaini na tisa, farasi hamsini, mafuta linakunywa kidogo, ila spea ni za kufuata Mbeya. La mwisho lilikuwa dogo, la rangi ya chungwa, farasi thelathini na tano, visahani viwili tu, lakini tairi zote nne zinavuta. Hilo lilikuwa milioni arobaini na moja.

Sosthenes alilizunguka kila moja taratibu. Akalipiga kofi tairi la nyuma kama anavyopiga paja la ng'ombe mnadani, akainama kutazama chini.

"Baba, huko chini hakuna kwato," Asukile alisema.

Mzee hakucheka. Alipiga goti mbele ya lile jekundu, akatoa mfukoni kamba ya katani yenye fundo, akaishusha kutoka kwenye kidato cha kupandia hadi chini. Akatikisa kichwa. Akaenda kwenye la bluu, akapima, akatikisa kichwa tena. Kwenye dogo fundo lilikaa sawasawa na kidato, naye akainuka akijifuta goti.

"Tunachukua hili."

"Unapima nini, Baba Jackline?" Veneranda aliuliza.

"Mguu wako."

"Mguu wangu?"

"Pale kanisani ngazi ya pili unapanda. Ya tatu, ile waliyoijenga vibaya, unasimama unangoja mtu akushike mkono. Jumatatu nilikwenda nikaipima ile ya pili."

Veneranda alimtazama. "Na mimi juu ya trekta nafanya nini?"

"Unaendesha. Mguu wako umekataa kutembea, kukaa haujakataa. Mimi nitatangulia. Lile shamba lina mawe, na tunaoyajua ni wawili."

Asukile alikohoa. "Baba, hilo dogo ni la bustani. Ekari zenu ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Mtalima mpaka Pasaka!"

"Tutalima mpaka Pasaka," Sosthenes alisema.

Veneranda alijifunga khanga upya, ingawa haikuwa imelegea. Alihitaji kuangalia chini kidogo. Alipoinua uso alikwenda moja kwa moja hadi kwenye lile jekundu, akaligonga ubavuni kwa kidole.

"Mkwe, hili shida yake ni ngazi tu?"

"Ni ngazi tu, mama."

"Si chuma? Chuma hakichomelewi?"

"Ukichomelea, garantii imekufa. Lakini ngazi ya kufunga kwa bolti inakubalika. Fundi yuko pale ng'ambo ya barabara."

"Lete kitu nipandie."

Asukile alileta kreti tupu la soda. Sosthenes akanyoosha mkono, naye akaushika, akapanda, akakaa. Kiti kilikuwa kipana. Aliona paa za Uyole, malori yakipanda mlima, na utosi wa mumewe ambao nywele zake zilikuwa zimepungua bila yeye kujua. Alikanyaga klachi kwa mguu mbovu, ilishuka laini.

"Inauma?" Sosthenes aliuliza.

"Kidogo. Pima, usiniangalie."

Mzee akapiga goti tena, akaishika kamba chini ya kidato na kuweka kidole mahali ngazi ya fundi itakapokaa.

"Hapa?"

"Shusha."

"Fundo linasema hapa, Veneranda."

"Shusha tena kidogo," alisema akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili. "Hatununui la mwaka mmoja."