Hamira ya Dada Kokom

Dada yangu Kokom ameshakataa wachumba watatu kwa sababu ya hamira. Sitanii. Kwetu, kijiji cha nje ya Purwakarta, ukoo wa mama unajulikana kwa muhogo wa kuchachusha, ule laini na mtamu unaotundikwa kando ya barabara na wasafiri wa Jakarta wakausimamishia magari. Utamu wake ni hamira, yaani madonge meupe ya unga wa mchele. Kila donge jipya husagiwa ndani yake donge la zamani, na la zamani lilisagiwa la zamani zaidi, hadi kwa bibi yake bibi yetu. Binti mmoja huirithi, na akishairithi haondoki nyumbani, kwa sababu hamira ikivuka uzio hufa. Hivyo ndivyo Mama alivyotulea.

Na miiko, usiseme! Mkandaji aoge, avae vizuri, apake poda kama anakwenda arusini, na asitamke neno mpaka amalize. Akiwa katika siku zake haingii jikoni. Kokom ameyafuata haya yote tangu ana miaka ishirini. Mimi Nining, mdogo wake kwa miaka miwili, nikija likizo nilikuwa nikichungulia mlangoni nimchekeshe, naye ananifukuza kwa macho tu.

Mwaka huo wake wa ishirini sote wawili tulikuwa na nafasi ya chuo, yeye akiwa amesubiri mwaka mzima baada ya Baba kufariki. Mama akaamua: Kokom apewe hamira, Nining aende Bandung. Kokom hakulia. Alinikunjia nguo zangu moja moja, akanisindikiza hadi kituoni, akaniambia, "Soma ya kwako na ya kwangu." Mpaka leo nikilikumbuka neno hilo nakosa pa kuweka uso.

Nikasoma, nikawa fundi wa maabara chuoni, huu mwaka wa kumi na tisa. Kila likizo tunapokea vijana wa kozi ya vitendo. Wamesoma bioteknolojia miaka minne, vyeti wanavyo, lakini ukimpa mtu pipeti, kile kijibomba cha kunyonyea matone, anaishika kama mswaki. Daktari Herlina, mkuu wa maabara, hutoa mihadhara. Anayewashika mikono ni mimi. "Wewe, hicho kidole kilichokuna pua kisiguse kichupa changu!" Ndiyo lugha yangu, na wananipenda hivyo hivyo.

Siku ya mwisho ni ya kompyuta, na tumeifanya iwe ya kufurahi. Kila kikundi hupewa mapema hamira isiyo na jina, hutoa vinasaba vyake, husomewa na mashine herufi za vinasaba hivyo, kisha kompyuta huzilinganisha zote na kuchora mti wa ukoo: nani ndugu wa nani. Watakaobahatisha vibaya huwanunulia wenzao supu ya mipira ya nyama. Safari hii kimbelembele changu kikanituma niweke hamira saba za madukani, na ya nane iwe ya nyumbani kwetu. Kokom alinipa madonge mawili, maana hata yakifa njiani vinasaba husomeka. Nikamwalika na Kokom mwenyewe aje ashuhudie. Nilitaka watoto wa watu wamwone. Nilitaka, kusema kweli, nimlipe kitu.

Wiki hiyohiyo alikuwa amenipigia simu. Pak Aceng, yaani Bwana Aceng, fundi saa wa mji wa Garut aliyefiwa na mke, mtu mpole, alikuwa amemposa.

"Huyu nampenda, Nining. Usinicheke."

"Nani anacheka? Nenda!"

"Niende, na hamira nimwachie nani? Ife mikononi mwangu, baada ya mabibi wote hao? Nimemwambia nitamjibu nikirudi kutoka kwako."

Dada ana miaka arobaini na mitatu. Mchumba wa nne, na wa kwanza aliyewahi kusema anampenda.

Akaja amevaa kebaya ya kijani, blauzi ya sherehe, amepaka rangi ya mdomo, ana kikapu cha muhogo kwa darasa zima. Vijana wakaula wakalamba vidole. Gilang, kijana wa Surabaya mwenye mdomo usiopumzika, akabonyeza kitufe. "Haya shangazi, tumwone bibi wa hamira zote!"

Mti ukajichora ukutani. Namba nane, ya kwetu, haikukaa peke yake kama nilivyotarajia. Ilikaa kitawi kimoja na namba tatu, bega kwa bega, hakuna herufi hata moja iliyotofautiana. Namba tatu ilikuwa Nyota Pacha, hamira ya kiwandani, ile ya pakiti nyekundu inayouzwa kila kioski karibu na sabuni.

"Lo! Shangazi, hamira ya mabibi inapatikana kwa muuza sigara!" Gilang akapiga meza. Darasa likaangua kicheko. Hawakuwa na ubaya, watoto wale. Kokom naye akacheka, ila alichelewa, na mkono wake ukaenda kwenye kikapu ukakishika.

"Nining," akaniita polepole. "Maana yake nini?"

Nikamtazama. Rangi ya mdomo ilikuwa imebaki peke yake usoni, mengine yote yalikuwa yameondoka. Jamani, mngefanyaje?

"Maana yake mimi dada yenu nimezeeka," nikasema kwa sauti. "Nimechanganya vichupa. Namba tatu nimeitia mara mbili. Kosa langu."

Wakazomea, wakanidai supu, nikainunua. Daktari Herlina hakuzomea. Jioni aliniita ofisini.

"Miaka kumi na tisa hujachanganya hata kimoja."

"Nimechanganya leo."

"Basi kozi ijayo pumzika. Anayechanganya vichupa hawezi kufundisha watu kutochanganya." Alisema haki. Hata mimi ningesema hivyo.

Nilikuwa na donge moja la Kokom limebaki. Nikarudia kazi peke yangu, mchana kweupe, vichupa viwili tu, nikivihesabu kama mwendawazimu. Nikapima sehemu tatu za vinasaba badala ya moja, nikapima hata ukungu unaoishi ndani ya donge pamoja na hamira. Yote ni Nyota Pacha. Baba mmoja, mama mmoja.

Jumamosi nikapanda basi kwenda nyumbani. Mama alikuwa ukumbini anamenya muhogo. Nikakaa mbele yake, nikamwekea pakiti nyekundu juu ya maganda.

Aliitazama, kisha akaendelea kumenya. "Umekuja kunishitaki?"

"Nimekuja kuuliza. Ya bibi iko wapi?"

"Ilikufa. Mvua ilinyesha mwezi mzima, ikaota ukungu mweusi, madonge yote. Nikaenda mjini, nikanunua hiyo, nikaisaga, nikatia kitunguu saumu na mzizi wa khulinjani, nikakanda upya. Nani alijua? Muhogo ulikuwa mtamu vilevile."

"Mwaka gani?"

Kisu kikasimama. "Mwaka wenu wa chuo."

"Kabla ya kumpa Kokom, au baada?"

"Kabla."

"Kabla, Mama? Ulimfunga kwa kitu cha kioski, nawe unajua?"

"Usinipandishie sauti!" Akanyoosha kisu, si kunichoma, alikuwa akinionyesha mimi mwenyewe, kuanzia miguu hadi kichwa. "Baba yenu yuko kaburini. Mngeondoka wote wawili, ningebaki na nani? Na wewe ungesomeshwa na nani? Muhogo wa dada yako ndio uliokulipia ada, miaka minne. Wote wanaweza kunihukumu, hata Kokom, lakini wewe? Thubutu!" Akarudi kwenye muhogo wake. "Yuko nyuma. Mdomo unao, kamwambie."

Nikaenda. Nikiri kwamba nilikuwa nakwenda kumwambia kweli, maneno nilikuwa nayo tayari mdomoni. Kokom alikuwa anafunga muhogo kwenye kamba, anaimba puani.

"Umekonda," akasema. "Nimeshampigia Pak Aceng. Jana."

"Umemwambia nini?"

"Nimemkatalia. Ananiambia atasubiri mpaka Ijumaa, huenda nikabadili nia. Maskini." Akafunga fundo, akalivuta. "Unajua siku ile darasani nilitaka kufa? Nilipoona ule mti wenu nikasema moyoni, Kokom, miaka ishirini na tatu, watu wamekuposa ukawafukuza, kumbe unakanda uchafu wa dukani. Halafu ukasema umekosea." Akacheka, machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa na unga. "Sijawahi kufurahia kosa la mtu namna ile. Nikajua nakaa. Kitu cha kweli hakiachwi, Nining, hata kwa mwanamume mzuri."

Nilifungua mdomo. Kutoka ukumbini nilisikia kisu cha Mama kimenyamaza.

Kokom akaniangalia usoni, sawasawa, kama alivyokuwa akiniangalia nikiwa mtoto nimevunja kitu. "Una hakika ulichanganya?"

Siku nzuri ya kusema ilikuwa hiyo. Pak Aceng alikuwa bado anangoja, simu ya dada ilikuwa pale kwenye benchi, na kazi ilikuwa imefanywa mara mbili.

"Nina hakika," nikasema.

"Alhamdulillahi." Akanikatia kipande cha muhogo, akanitia mdomoni kwa mkono wake.

Ulikuwa mtamu. Jumapili nikarudi Bandung. Nilikuwa na siku tano za kumpigia Kokom simu moja. Ijumaa ikaja, ikapita, na sikupiga.